Mpango mkakati wa ufundishaji: anzeni na alama, dira itangoje

Mipango mingi ya vyuo huanza kwa warsha ya siku 3 ya kutunga dira na dhamira, kisha hulala kabatini. Bewa dogo la Lamu, lenye wahadhiri wachache na wengi wao wa muda, halina siku 3 za kupoteza.

Ombeni ofisi ya mitihani matokeo ya miaka 3. Kwa kila kozi andikeni waliojisajili, waliofanya mtihani, waliofaulu na waliorudia. Msichanganye aliyefeli na ambaye hakufanya: aliyezuiwa kwa ajili ya ada hasaidiwi na mbinu mpya ya kufundisha. Chagueni kozi 3 tu zinazoangusha wengi, kwanza za mwaka wa kwanza, maana anayekwama hapo huburuta kozi hiyo hadi mwaka wa nne.

Sasa tafuteni chanzo, na hapa msikimbilie. Tuseme darasa la takwimu lina wanafunzi 60 na 24 wamefeli. Chukueni vijitabu 15 vya majibu vya waliofeli, mvisome swali kwa swali. Wakiwa wameanguka swali lilelile la uwezekano, tatizo liko kwenye mada. Kurasa za mwisho zikiwa tupu, huenda muda ulikuwa mfupi au Kiingereza cha maswali kilikuwa kizito. Kisha fungueni rejista ya mahudhurio. Kipindi cha Jumatatu asubuhi huwakosa waliokwenda kwao Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, kwa kuwa boti mara nyingi hungoja maji yajae ndipo zipite mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda, na saa ya maji kujaa husogea kama dakika 50 kila siku. Hapo dawa ni ratiba. Mafunzo kwa mhadhiri hayatasaidia kitu.

"Kuinua ubora wa ufundishaji" si lengo. Lengo ni hili: kufikia mwisho wa muhula ujao, wanaofeli takwimu washuke kutoka 24 hadi 12 kati ya 60, kwa mtihani wa ugumu uleule. Maneno hayo ya mwisho msiyaache, la sivyo mtihani utalegezwa na tarakimu zitapendeza bure.

Kila kazi ipewe mtu mmoja, wiki yake na fedha zake, kamati haiwajibiki. Majaribio mafupi yawe wiki ya 3, 6 na 9, yarudishwe ndani ya siku 7, kwani jaribio linalorudi mkesha wa mtihani halimfundishi mtu. Lakini pigeni hesabu: karatasi 180 kwa dakika 5 ni saa 15 za kusahihisha. Mhadhiri wa muda hulipwa kwa saa za darasani, na saa hizi zisipoingia kwenye bajeti, mpango hufia hapa. Ongezeni wanafunzi 2 wa mwaka wa tatu kuwasaidia wenzao, saa 2 kwa wiki kila mmoja, wiki 10: saa 40 za kulipwa. Kabla ya kuandika wiki, tazameni Ramadhani na Maulidi, ambazo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka.

Wiki ya 5, dodoso la maswali mawili bila majina: nini kinakusaidia, nini kinakukwamisha? Mhadhiri awajibu darasani kipindi kinachofuata. Majibu ya wanafunzi yasitumiwe kumwadhibu mhadhiri, maana mwaka unaofuata hataligawa dodoso tena.

Mkitaka kubadilisha uzani wa alama za majaribio na za mtihani, pelekeni pendekezo kwenye bodi ya kitivo muhula mmoja kabla. Ni lazima lipite seneti, yaani baraza kuu la taaluma la chuo, na haliwezi kuanza kutumika katikati ya muhula.