Kabla Fundi Hajaingia: Jinsi ya Kulinda Dai la Kodi Nyumba Inapofungwa kwa Marekebisho

Slabu ya bafu ikianza kuvuja au boriti ikipasuka, mwenye apatimenti Nairobi au Mombasa huwaza kwanza gharama ya fundi. Kodi anayolipa mpangaji huikumbuka nyumba ikishakaa tupu miezi miwili, na wakati huo ushahidi mwingi umeshafukiwa chini ya vigae vipya. Dai la kodi iliyopotea hujengwa kabla ya nyundo ya kwanza kugonga.

Anza kwa kujua unamdai nani, maana kasoro moja inaweza kuwa na wenyewe watatu. Kama ulinunua nyumba mpya, fungua mkataba wa mauzo utafute kipindi cha dhamana ya kasoro. Mara nyingi ni miezi 6, wakati mwingine 12, na hutaka taarifa ya maandishi ndani ya muda huo. Soma pia vifungu vya mwisho ambavyo wengi huvipita: kampuni nyingi zinazouza nyumba huahidi kurekebisha kasoro, kisha mstari wa chini zinakana hasara yoyote inayofuata, kodi ikiwemo. Ukikuta kifungu hicho, mwone wakili kabla ya kuandika barua ya kwanza, kwa sababu namna utakavyolieleza dai inaweza kuamua kama kinakufunga au la.

Kama tatizo liko kwenye paa, ukuta wa nje au bomba kuu linalohudumia nyumba zote, hilo ni eneo la pamoja. Chini ya Sheria ya Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, shirika la wamiliki ndilo lenye wajibu wa kulitunza, na sheria hiyo imeweka kamati ya ndani ya kutatua migogoro. Na kama maji yanatoka kwa jirani wa juu, barua iende kwake na nakala kwa shirika. Usichague mmoja kwa kukisia. Mpelekee kila anayehusika taarifa siku hiyohiyo, ukieleza kasoro, tarehe ulipoigundua, kiasi cha kodi unachopokea, na kwamba nyumba ikibidi kuhamwa utadai kodi hiyo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo huachwa, kisha mdaiwa anajitetea kwamba hakujua kuna mpangaji.

Bima usiitegemee sana. Nyongeza ya upotevu wa kodi hulipa pale nyumba isipokalika kwa sababu ya janga lililoandikwa kwenye mkataba wa bima, kama moto au bomba kupasuka ghafla. Ujenzi mbovu na uvujaji wa polepole kwa kawaida vimeondolewa. Hata hivyo toa taarifa mapema, kwa kuwa kuchelewa peke yake kunaweza kuipa kampuni ya bima sababu ya kukataa.

Sasa karatasi. Mahakama za Kenya huihesabu kodi iliyopotea kuwa hasara maalum: lazima itajwe waziwazi kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Makadirio hayatoshi. Weka pamoja mkataba wa upangaji, taarifa za benki au M-Pesa za miezi 12 zikionyesha kodi ikiingia, na marejesho yako ya ushuru kwa KRA, yaani Mamlaka ya Mapato Kenya. Hapo kwenye KRA ndipo wengi huumbuka. Ushuru wa kodi ya makazi ni asilimia 7.5 ya kodi yote tangu Januari 2024, na marejesho hutakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukidai shilingi 65,000 kwa mwezi ilhali hukuwahi kutangaza hata senti, wakili wa upande wa pili ataanzia hapo. Mkataba wa upangaji nao uwe umelipiwa ushuru wa stempu, kwa sababu usiopigwa stempu haupokelewi kama ushahidi kwenye kesi ya madai mpaka ulipiwe pamoja na faini. Picha na video za simu zihifadhi kwenye simu iliyozipiga. Zitahitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki zikifika kortini.

Kasoro yenyewe ikaguliwe na mhandisi aliyesajiliwa kabla ya chochote kubomolewa. Ripoti yake ijibu maswali matatu: chanzo ni nini, je, nyumba inakalika kazi ikiendelea, na kazi itachukua siku ngapi. Jibu la pili ndilo linalobeba dai lako. Mpangaji akihama kwa sababu ya vumbi tu, utaambiwa angeweza kubaki.

Kuhusu siku, usikubali ratiba ya fundi anayesema wiki moja. Bafu linalovuja hubomolewa vigae, husawazishwa sakafu, hupakwa dawa ya kuzuia maji kwa tabaka mbili, kisha hujaribiwa: tundu la maji machafu linazibwa na maji ya kina cha sentimita 2 hadi 5 yanaachwa saa 24 au zaidi huku dari ya chini ikiangaliwa. Jaribio hilo likirukwa, kazi hurudiwa, na miezi ya kurudia ndiyo inayobishaniwa zaidi. Plasta mpya ya saruji huhitaji takribani wiki nne kukauka kabla ya rangi ya mafuta. Mombasa yenye unyevu, au msimu wa masika, ongeza. Ratiba iandikwe kwa tarehe na itiwe saini na mkandarasi.

Kwa mpangaji, jaribu kwanza kumbakiza. Punguzo la kodi kwa wiki chache, mkiliandika na kutia saini, mara nyingi ni hasara ndogo kuliko nyumba tupu, nalo pia hudaiwa. Akilazimika kuondoka, mpe notisi inayotaja marekebisho kama sababu, rudisha amana yake kwa njia yenye risiti, na mwombe aandike kwamba angeendelea kupanga.

Hesabu ifanye kwa siku. Kodi ya 65,000 mara 12, gawanya kwa 365, ni shilingi 2,136.99 kwa siku. Kwa siku 74 ni 158,137. Toa ulichookoa, kama ada ya wakala ambayo hukuilipa. Ada ya huduma ya jengo usiitoe, kwani uliendelea kuilipa. Siku ambazo nyumba ilikuwa tupu kabla ya kazi, au ulipotumia nafasi hiyo kubadilisha makabati ya jikoni, ni zako mwenyewe. Sheria inakutaka pia upunguze hasara: kazi ikiisha tarehe 10, tangazo la kupangisha liwe tayari, na usiipandishe kodi kisha ulalamike kwamba hakuna aliyekuja.

Kuwa macho siku ya kukabidhiwa funguo. Fomu ya kukiri kwamba kazi imekamilika huwa na mstari unaosema umeridhika na huna dai lingine. Ukate, au andika kando kwamba dai la kodi linabaki, kisha tia saini na upige picha.

Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 linalohusu mkataba wa huduma au uharibifu wa mali linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Mgogoro wa mkataba wenyewe wa kununua nyumba huenda kwenye mahakama zinazoshughulikia ardhi. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, ya uzembe miaka 3, na ahadi za mjenzi kwamba anakuja wiki ijayo hazisimamishi muda huo.