Bendera ya watu ishike sawasawa

Ukiamua kushangilia timu ya nchi isiyo yako, anza na bendera, maana hapo ndipo wengi huchemsha. Ireland na Ivory Coast zina rangi zilezile kwa mistari ya wima: ya Ireland, kijani ndiyo inakaa upande wa mlingoti, ya Ivory Coast, ni rangi ya chungwa. Ukiitandaza kifuani wewe unaiona kwa nyuma, kwa hiyo upande wa mlingoti uushike kwa mkono wa kulia, ndipo aliye mbele yako aione sawa. Ya Poland ni nyeupe juu, nyekundu chini. Ukiipindua inakuwa ya Indonesia.

Makofi nayo yana mpangilio. Yale ya Iceland yaliyovuma kwenye Euro 2016 huanza polepole: ngoma, mikono juu ya kichwa, kofi moja na ukelele mmoja, kisha kimya. Mgeni huharibu kwa kupiga kofi ndani ya kile kimya. Sikiliza mizunguko miwili mitatu, kasi ikianza kupanda ndipo uingie.

Wimbo wa taifa kama huujui, simama wima, vua kofia, nyamaza. Wa Uhispania hauna maneno rasmi, usihangaike kuyatafuta.