Kabla mama wa Rangi Tatu hajashushiwa kreti kumi

Unapojaribu programu ya simu, kama hii yetu ya maduka kuagizia mzigo, ukizima data, ikaandika "hakuna mtandao", bado hujajaribu kitu. Mimi nilikuwa naridhika hapohapo, mpaka mteja wetu mmoja wa Mbagala Rangi Tatu aliponipigia: "Mwanangu, nimeagiza kreti tano za soda, hawa vijana wa kirikuu wameshusha kumi."

Hakukosea. Alibonyeza Tuma, seva (kompyuta yetu inayopokea oda) ikaipokea, mtandao ukakatika kabla jibu halijamrudia. Simu ikamwambia imeshindikana. Ana watu wamejaa kaunta, akabonyeza tena.

Basi anza kuigiza hali hiyo. Washa emuleta ya Android Studio, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, uielekeze kwenye seva iliyo ndani ya kompyuta yako (emuleta huifikia kwa anwani 10.0.2.2, mimi niliandika localhost, ambayo kwa emuleta ni yenyewe, nikapoteza nusu siku). Kwenye seva ongeza mistari michache: oda ikifika, ihifadhi, nyamaza sekunde 40, kisha kata bila kujibu. Sasa bonyeza Tuma. Subiri mpaka ukereke, bonyeza tena. Funga programu, ifungue, bonyeza tena. Ukimaliza, achana na skrini, nenda kwenye kanzidata, mahali seva inapohifadhi oda, uzihesabu. Zikizidi moja, umepata ugonjwa wetu.

Tulivyoutibu: simu hutengeneza namba ya oda kabla ya kutuma, na kila ikirudia hutuma namba ileile. Seva ikikuta namba inayoijua, hurudisha jibu la mwanzo. Namba hiyo ihifadhiwe ndani ya simu, maana chaji huisha katikati ya kazi. Na kanzidata yenyewe ikatae namba kujirudia; maombi mawili yanaweza kufika kwa pamoja, yote yakajiona ya kwanza.

Mengine emuleta inakupa tayari. Shusha mtandao hadi EDGE, ule wa polepole wa 2G, punguza chaji, ipigie simu mtu akiwa katikati ya kuagiza. Kama una ramani ya madereva, ilishe faili la GPX, lenye nukta za njia iliyorekodiwa, ila usichore njia ukiwa umekaa ofisini. Nililorekodi mimi ni la ndani ya daladala kutoka Rangi Tatu hadi Kariakoo, saa moja asubuhi, na nukta yake husimama Mtoni kwa Aziz Ali mpaka programu inadhani dereva amefika.

Data za majaribio nazo ziwe za huku kwetu. Andika anwani ya Mtaa wa Narung'ombe uone kama ile ritifaa (') haitaangusha ukurasa, wetu ulianguka. Andika namba moja ya simu kwa 07, kwa 255 na kwa +255: atoke mteja mmoja, si watatu. Halafu saa. Mwenye duka akiandika aletewe mzigo "saa 4", anataka saa nne asubuhi. Sisi tulimpangia dereva saa kumi alfajiri, na dereva, Mungu ambariki, alikwenda.

Usinakili orodha ya wateja halisi kwa sababu ya uvivu. Tulifanya hivyo mara moja, meseji za majaribio zikawaamsha watu usiku. Tena siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo si suala la aibu peke yake.

Kitu kimoja emuleta itakudanganya: inatumia nguvu za kompyuta yako, si za simu. Kurasa zinafunguka chapuchapu, unajisifu. Tafuta simu ya bei ya chini yenye RAM ya GB 2, ya mtu aliyeitumia kweli, imejaa picha za WhatsApp na ina laini mbili. Shuka nayo kwenye stoo ya chini ya ghorofa lolote la Kariakoo, agiza, panda ngazi huku unaiangalia. Hapo ndipo nilipogundua kuwa orodha yetu ya bidhaa ilikuwa inapakuliwa yote upya kila mtandao unaporudi, na bando ni la mteja.

Toleo jipya likipita hayo yote, nawapa maduka matano kwanza, kwa siku tatu. La yule mama ni mojawapo. Anakubali, ila kila mara huniuliza kama zile kreti tano nimeshazifuta kwenye deni lake.