Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchanganya Sauti Iliyochujwa na Sauti Ghafi

Fundi mitambo anayeandaa onyesho la taarab ndani ya Ngome Kongwe, akakusudia kuigawa sauti ya besi katika njia mbili, moja ipite kwenye filta inayokata sauti nyembamba na ya pili iende ghafi hadi zikutane kwenye miksa, hana budi kujua mapema kwamba filta ya analogi haipunguzi nguvu peke yake. Husogeza fezi pia, yaani nafasi ya wimbi katika mzunguko wake, na kila masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) huyasogeza kwa kiasi chake.

La mwanzo ni kujua filta ni ya daraja la ngapi, yaani inakata kwa ukali gani. Ile ya rezista moja na kapasita moja, yenye kushuka desibeli 6 kwa oktava (kila masafa yanapoongezeka maradufu), husogeza fezi digrii 45 kwenye masafa ya mkato (pale filta inapoanza kukata) na haivuki 90, kwa hiyo ikichanganywa na sauti ghafi huinua besi tu bila ya kutoboa shimo. Ya daraja la pili hufika 90 pale pale kwenye mkato. Balaa liko kwenye daraja la nne, lenye desibeli 24 kwa oktava, ambalo kwenye mkato hufika digrii 180 kamili: ikiwa filta ni ya muundo wa Butterworth, unaopunguza desibeli 3 kwenye mkato, mchanganyiko huwa chini ya sauti ghafi kwa takriban desibeli 11, na ukiiongeza njia ya filta desibeli 3 ili isikike vizuri, mawimbi ya hapo hufutana kabisa.

Mkato wenyewe upimwe, usikisiwe. Kilo-omu 10 na nanofaradi 100 hutoa takriban hezi 159 kwa hesabu, lakini kapasita yenye kasoro ya asilimia 10 huihamisha namba hiyo.

Waya nao ukaguliwe. Katika mazoezi yetu mamoja Mji Mkongwe, kila tulipopandisha njia ya filta besi ilizidi kukonda, tukailaumu filta kwa karibu saa nzima, kumbe pini ya 2 na ya 3 za plagi ya XLR, zinazobeba wimbi na kinyume chake, zilikuwa zimepishanishwa kwenye waya tuliouchomelea wenyewe. Kugeuza polariti (kulipindua wimbi juu chini, kama waya ule ulivyofanya), hata hivyo, si dawa ya kila kitu: kwa filta ya daraja la nne, kutaziba shimo la kwenye mkato lakini kutaifuta besi ya chini yake. Dawa ya kweli ni kuipitisha sauti ghafi kwenye saketi inayopitisha masafa yote kwa nguvu ile ile na kusogeza fezi peke yake, iliyopangwa ifuate fezi ya filta.

Mwisho, njia zote mbili ziunganishwe kwenye osiloskopu ya XY, kifaa kinachochora njia moja dhidi ya nyingine kwenye skrini, kwa waya zile zile za onyesho. Mstari ulioinamia kulia ni fezi moja, duara ni digrii 90, na mstari ulioinamia kushoto ni mpingano wa digrii 180.