Kuzamia Mlango wa Kinasi, Mafia: Soma Maji Kwanza

Wengi wanaofika Mafia kwa mara ya kwanza kuona matumbawe huanza kuuliza habari za mitungi, miwani na bei, ilhali jambo litakaloamua kama watafurahi au watarudi wamechoka ni hali ya maji siku hiyo. Ghuba ya Chole, iliyoko kusini-mashariki mwa kisiwa, hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo hupita katika Mlango wa Kinasi, njia inayoiunganisha ghuba na bahari kuu. Maji mengi yakipita mahali pembamba hukimbia, na mzamiaji aliyejitosa wakati usiofaa hataona samaki wala matumbawe, bali atakuwa na kazi ya kushindana na mkondo huku hewa ikimwishia.

Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kukata tiketi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kufikia saa nne asubuhi yamekupwa kabisa. Mkondo wa siku hizo ni mkali. Siku za maji mafu, yaani karibu na siku ya saba au ya nane tangu mwezi kuandama, na tena ya ishirini na moja au ishirini na mbili, mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne asubuhi, na kwa utulivu zaidi. Hizo ndizo siku za kumpeleka mgeni Kinasi. Chombo kinaondoka asubuhi, mnaingia maji yakiwa yanamalizia kujaa, na maji yanayoingia ni yale safi ya bahari kuu, ambayo humwezesha mtu kuona mbali. Maji yanayotoka ghubani yamebeba mchanga na uchafu wa mikokoni, nayo huwa na ukungu. Nahodha akikwambia msubiri nusu saa, usimharakishe.

Msimu nao una neno. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, bahari ya nje huchafuka, na kwa kawaida watu huzamia ndani ya ghuba tu. Kuanzia Oktoba hadi Machi, wakati wa maleleji, yaani pepo zinapobadilika, na wa kaskazi, upepo wa kaskazini, inapokuwa haijazidi nguvu, huwezekana kutoka hadi kuta za nje kama Dindini. Msimu huohuo papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, huonekana upande wa magharibi, karibu na mji wa Kilindoni, lakini huyo huhitaji miwani na mrija tu. Usibebe mtungi kwa ajili yake.

Ukumbuke pia kwamba eneo hili limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania. Ada ya kuingia hulipwa kwenye lango, njiani kuelekea kijiji cha Utende, na stakabadhi yake uitunze.

Ambaye hajawahi kusomea uzamiaji asianzie Kinasi. Cheti cha awali humruhusu mtu kufika mita 18, na cha kiwango kinachofuata mita 30. Mteremko wa Kinasi hupita mita 20, na mkondo hauulizi cheti. Anayeanza ajifunze kwenye miamba ya ndani ya ghuba, mita nane hadi kumi na mbili, ambako matumbawe ni mengi na mwanga ni mzuri zaidi. Kwa maoni yangu hata wazoefu huzipuuza sehemu hizo bila sababu.

Usizamie ukiwa na mafua. Niliwahi kujifanya shujaa nikiwa na kamasi kidogo, na kwenye mita nne sikio la kushoto likanichoma kama nimedungwa sindano, nikalazimika kupanda na kuwangoja wenzangu chomboni kwa muda wa karibu saa nzima. Kila mita kumi za kina huongeza kanieneo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya bahari, na ongezeko hilo huhisiwa zaidi katika mita za mwanzo. Bana pua na upulize taratibu tangu unapoanza kushuka, kabla maumivu hayajaja. Yakija, panda mita moja, usawazishe, kisha ushuke tena.

Vifaa vikaguliwe nchi kavu, si chomboni huku mawimbi yakiwatikisa. Mtungi, ambao umejaa hewa ya kawaida iliyoshindiliwa wala si oksijeni kama wengi wanavyodhani, uonyeshe takriban baa 200 (baa ni kipimo cha kanieneo). Vuta pumzi kadhaa kwenye kila kinywa cha kupumulia ukiitazama geji. Mshale ukichezacheza, vali haijafunguliwa vizuri.

Uzito wa madini ya risasi, unaofungwa kiunoni ili mtu aweze kuzama, ndio unaokosewa zaidi, na mwamba ndio unaolipa. Upime hivi: ukiwa majini, toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea na ubaki na pumzi ya kawaida kifuani. Maji yanapaswa kukufikia machoni, na ukitoa pumzi uanze kuzama polepole. Ongeza kilo mbili hivi ikiwa mtungi umejaa, kwa kuwa hewa uliyobeba ina uzito na utakuwa umeitumia mwishoni. Mwenye risasi nyingi mno huogelea amesimama wima, mapezi yakichota mchanga na kuvunja matawi ya matumbawe. Na tumbawe la aina ya mviringo, lile linalofanana na ubongo, huenda likaongezeka sentimita moja tu kwa mwaka. Jiwe la ukubwa wa pipa, basi, lina umri wa kumshinda babu yako. Mengi katika ghuba hii yalipauka na kufa joto la bahari lilipopanda mwaka 1998, na yanayoonekana leo ni pamoja na yaliyoota upya juu ya mifupa ya yale.

Chini, lala kifudifudi, mikono ikunje kifuani, na piga mapezi kidogo. Ukitulia mbele ya shimo kwa dakika mbili, mkunga, samaki mwenye umbo la nyoka, atatoa kichwa akifungua na kufunga mdomo, jambo linaloonekana kama vitisho ingawa ndivyo anavyopumua. Utamsikia samaki pono kabla hujamwona: ni mlio wa kukwangua, kama kijiko chini ya sufuria, akitafuna mwani juu ya mawe. Usishike kitu, kwani samaki-jiwe hafanani na samaki hata ukimtazama kwa karibu, na miiba yake ina sumu kali.

Mtungi ukifika baa 70, mwarifu kiongozi. Ukifika 50 uwe tayari unapanda. Panda pole, usizidi mita tisa kwa dakika, na kamwe usizuie pumzi, kwa kuwa hewa iliyo mapafuni kwenye mita kumi hutanuka maradufu ifikapo juu. Simama kwenye mita tano kwa dakika tatu, mkiwa mmeinua boya ili nahodha awafuate mnakochukuliwa na maji.

Jambo la mwisho ni la ndege. Ukizamia zaidi ya mara moja, subiri saa 18 kabla ya kuruka, hata kama ndege ya Dar es Salaam ni ndogo na safari ni ya nusu saa hivi. Siku hiyo ya kungoja vuka kwenda kisiwa cha Chole kwa mashua, ukatazame magofu yaliyozongwa na mizizi na popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa.