Somo: Kuotesha mlangilangi uwani kwako

Kila zikikaribia harusi huulizwa langilangi za kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, nanunua wapi. Sinunui. Nina miti miwili nyuma ya nyumba, hapa Chake Chake, na yote niliiotesha kwa mbegu. Leo nakupeni njia pamoja na makosa yangu, maana miaka miwili ya mwanzo niliipoteza nikikata matawi na kuyachomeka ardhini kama mhogo. Yakikaa mabichi wiki mbili tatu, nafurahi, kisha yanaoza kuanzia chini.

Asili ya mti huu ni Asia ya Kusini-Mashariki, na jirani zetu wa Komoro ndio maarufu duniani kwa mafuta yake. Kwa ukoo ni jamaa wa mstafeli na mtopetope.

Hatua ya 1: mbegu. Tafuta mti uliozaa. Matunda hukaa vishada, kijani kwanza kisha meusi. Chuma yaliyo meusi, ndege wasikutangulie. Yafikiche ndani ya maji mpaka utelezi utoke wote, anika mbegu kivulini. Tunda moja huwa na mbegu kama 6 hadi 12, bapa, za kahawia, ngumu.

Hatua ya 2: ngoja. Mbegu mbichi ya mlangilangi huota kwa kusuasua. Iliyokaa miezi 6 hadi mwaka huota vizuri zaidi. Mimi nazifunga kwenye karatasi, natia ndani ya kopo kavu na kuandika mwezi juu yake. Andika kweli. Kopo langu lilikaa kabati moja na hiliki, na mgeni nusura atupikie chai ya langilangi.

Hatua ya 3: Oktoba au Novemba, ziloweke kwenye maji ya moto yaliyokwisha poa kidogo, uziache mpaka asubuhi.

Hatua ya 4, na hii ndiyo somo lenyewe: chombo kiwe kirefu. Mlangilangi una mzizi mkuu unaoteremka mbio kuliko jani linavyopanda, na mzizi huo hautaki kupindwa wala kukatwa. Miche yangu ya kwanza niliiotesha kwenye bati la biskuti. Nilipoihamisha, mizizi ilikuwa imejikunja kama mkia wa kinyonga. Mmoja ulikufa wiki ile ile. Wa pili ulisimama miaka mitatu, unapendeza, mpaka ulipokuja upepo wa kusi ukaulaza chini mzima mzima. Nilipoutazama, mzizi bado ulikuwa na umbo la bati.

Tumia kiriba kirefu, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche, au chupa ya maji ya lita moja na nusu, ukate shingo na kutoboa matundu chini. Changanya udongo mafungu mawili, samadi iliyooza fungu moja, kichanga fungu moja. Fukia mbegu mbili kila chombo, kina cha ukucha tu. Weka chini ya kivuli cha makuti, mwagilia kwa kunyunyiza. Zitachukua mwezi hadi miwili kuchomoza, na nyingine zaidi. Usifukue kuangalia! Zikiota zote mbili, kata iliyo dhaifu kwa mkasi, usiing'oe.

Hatua ya 5: masika yakianza na mche umefika shibiri moja au kidogo zaidi, uhamishe. Shimo liwe la kufika gotini. Pasua kiriba kwa wembe, shusha mche na udongo wake wote. Kaa mbali na paa, kama mita 6, kwani matawi yake huvunjika upesi.

Maswali

Wa Wete: Dada, bibi yangu alipanda tawi na likashika. Mbona wewe unakataa?

Sikatai, mwanangu. Hutokea, ila kwa nadra. Bibi alikuwa na mkono wa baraka. Mimi sina, ndiyo maana napanda mbegu.

Wa Makunduchi: Kwetu ni uwanda, jembe likishuka kidogo linagonga jiwe. Nifanyeje?

Nitasema kweli: usijisumbue. Mzizi ukigota mwambani mti hudumaa. Kama kuna mahali uani penye udongo wa kina, jaribu hapo. La hakuna, panda asumini kwenye ndoo.

Wa Fuoni: Asalaam alaykum. Wangu una miaka minne, maua yako juu hayafikiki, na nikiyaangusha hayanukii sana.

Waalaykum salaam. Ukiuacha hupita mita 10. Mvua zikianza, ukate kilele kwenye urefu wa mita 2 hadi 3. Utatoa matawi ya pembeni, nawe uyavute chini kwa kamba taratibu. Ama harufu, nadhani unaangusha ua la kijani. Ngoja liwe la manjano na liwe na doa jekundu kwenye shina la petali, ulichume alfajiri jua halijatoka.

Wa Mji Mkongwe: Mimi nina dari tu, sina uwanja.

Upo mlangilangi wa kibete, haupiti sana kimo cha mtu, na hukubali chungu kikubwa. Huo hauzai matunda kwa kawaida, kwa hiyo ndio peke yake ambao nitakwambia uombe kipandikizi.