Masika yamekuweka nyumbani? Somo la kuanza kucheza bao

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ikifika Aprili na Mei, hoteli nyingi za Nungwi, Paje na Jambiani hupunguza watu au hufunga kabisa, na wapo wanaoambiwa warudi makwao bila ya kutarajia. Mtu aliyezoea zamu anajikuta ana mchana mzima na mvua haikatiki. Namshauri ajifunze bao la kete. Halitaki umeme wala vocha, linataka akili na mtu wa kukaa naye.

Wengi huvunjika moyo kwa kuanzia barazani kwa mafundi, ambako mikono inakwenda mbio hata huoni kete imelala wapi. Anzia nyumbani.

1. Jua bao lako. Lina mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8. Safu mbili za upande wako ni zako, na kete zako zinazunguka humo tu. Kete zote ni 64. Shimo la mwisho la safu ya mbele, kila upande, ni kichwa. Linalofuata ni kimbi.

2. Cheza kwanza bao la kujifunza. Weka kete 2 kila shimo. Beba za shimo moja, tembeza moja moja, kushoto au kulia. Ya mwisho ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na la mwenzako linalolikabili nalo lina kete, unazila zake na kuzipanda kwako kuanzia kichwani. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ni yake. Akiishiwa kete safu ya mbele, umemfunga. Kaeni hapa mpaka mkono uzoee, msione haya. Watoto wote wa mtaani wameanzia hapa.

3. Ingia kwenye namua, yaani awamu ya kuingiza kete za mkononi. Hapa ndipo bao linapokuwa bao. Kila mmoja anabaki na kete 22 mkononi. Nyumba, lile shimo la mraba, unaliwekea 6, na mashimo mawili ya kulia kwake unaweka 2 kila moja. Tazama vizuri kabla hujagusa kitu: kete zako na zake hazikabiliani hata shimo moja. Kwa hiyo anayeanza hana la kula, anatakata tu, yaani anatembeza kete bila ya kula. Lakini asipoangalia anakozipeleka, atamfungulia mwenzake mlango, na mafundi huanza kupiga hesabu hapo hapo. Kila zamu unaongeza kete moja ya mkononi kwenye shimo la mbele lenye kete. Ukiwa na la kula ni lazima ule. Nyumba yako ilinde; ukisafiri nayo, yaani ukizibeba kete zake na kuzitembeza, mapema, mara nyingi unampa mwenzako karamu.

4. Sasa nenda barazani, baada ya alasiri. Siku za mwanzo tazama tu. Ukishaanza kukisia hatua ya fundi kabla hajaicheza, omba kukaa.

MASWALI

Wa Wete: Maalim, sina bao na la kuchonga ghali. Nifanyeje?
Jibu: Chimba mashimo mchangani, ukumbini au chini ya mwembe. Kete ni komwe. Mkomwe unaota pwani, ila una miiba, chuma kwa uangalifu. Kokoto nazo zinafaa.

Wa Jang'ombe: Mie mwanamke, barazani kwa wanaume sikai. Nimekosa?
Jibu: Hujakosa, dada yangu. Cheza ukumbini na wifi zako na watoto. Sheria ni zile zile, na mtoto anayehesabu kete kila siku hesabu za skuli hazimtishi.

Wa Makunduchi: Nikishamaliza kete za mkononi, mchezo umekwisha?
Jibu: La, hapo inaanza mtaji. Unabeba za kwenye mashimo tu, na lazima shimo unaloanzia liwe na kete 2 au zaidi. Ukibaki na moja moja tupu, huna hatua, umefungwa.